Kidude cha kukera ili watu wazime stima: kipi bora, king'ora cha friji, sensa (kihisi) ya chumba au mlio wa mita?

FundiMuyeye (Malindi)
Hamjambo wanajamvi. Nyumbani tuko saba na nimesema mpaka sauti imekauka. Feni inapepea kitanda kisicho na mtu: wati 60 kwa muda wa saa 8 ni karibu nusu yuniti, imekwenda bure. Nataka kidude kiseme badala yangu, na kikere kweli, maana kisichokera huzoeleka. Nimejaribu vitatu.

King'ora cha friji: sumaku mlangoni, swichi ya sumaku kwenye fremu. Mlango ukikaa wazi sekunde 30, kinalia.

Sensa ya mwendo na ya mwanga: taa inawaka na hakuna anayetikisika kwa dakika 5, kinapiga kelele.

Cha tatu ndicho kimeniteka. Nimebandika jicho la mwanga juu ya kile kitaa chekundu cha mita, bila kugusa sili. Mita yangu hupepesa mara 1000 kwa yuniti. Balbu ya wati 60 ikiwa peke yake, kitaa hupepesa mara moja kwa dakika. Chomeka pasi ya wati 1000, ni kila sekunde tatu na nusu hivi. Kila kikipepesa, kengele sebuleni inalia "tik". Birika la wati 2000 likiwaka, utadhani bomba linadondokea karai.

BintiLangoni (Lamu)
Kaka, hicho cha pili usikilete kwetu. Mama akishaswali magharibi hukaa na msahafu, kinachotembea ni kidole tu. Sensa ile humuona anayepita, aliyetulia haimuoni. Itamzomea mtu mzima kwa kosa la kusoma! Na wakati wa kaskazi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inategemea tofauti ya joto la mwili na la chumba. Chumba kikichemka, inakuwa kama kipofu. Kero impate aliyeacha taa, si aliyekaa chini yake.

MaalimMkomani (Lamu)
Cha friji nimekaa nacho tangu Ramadhani. Kwanza nilitumia swichi ya kubonyeza, chumvi ya hewa ikaila. Ile ya sumaku iliyofungwa ndani ya kioo haijanisumbua. Waliobaki kunisumbua ni wanangu: walichukua sumaku ya kubandikia kalenda wakaiweka juu ya swichi, mlango wazi na kengele kimya, huku wakichagua maji yaliyo baridi zaidi. Sasa swichi nimeifukia ndani ya fremu. Lakini tuseme kweli, umeme unaookoa hapo ni kidogo.

MamaWatatu (Malindi)
Fundi, mimi naupenda huo mlio wa mita. Nikipiga pasi sare za watoto kila asubuhi moja moja, naipasha upya kila siku. Nikiisikia "tik tik" hiyo nitazipiga zote Jumapili. Shida ni kwamba mita yetu iko juu ya nguzo, ndani tuna kile cha kubonyezea tokeni tu. Nifanyeje?

FundiMuyeye (Malindi)
Mama, badala ya jicho la mwanga iko koleo ya kupimia mkondo wa umeme, inaukumbatia waya bila kuukata. Iwe waya mmoja tu. Ukikumbatia wa kwenda na wa kurudi pamoja, inasoma sifuri. Ndani ya boksi la waya usiingize mkono, mwite fundi mwenye leseni.

Maalim, hiyo ya kalenda imenifunza. Binti naye amenishawishi, cha pili nakiweka kabatini. Nabaki na cha mita kwa sababu moja: ukizima, kinanyamaza papo hapo. Mtu anaipata raha kwa mkono wake. Kidude chenyewe kinakula robo wati, mwezi mzima hakifiki robo yuniti.

BintiLangoni (Lamu)
Na usiku? Friji ikianza kunguruma, kitatutiktikia tukiwa tumelala?

FundiMuyeye (Malindi)
Hilo lilimwamsha mke wangu siku ya kwanza. Nimekipanga kinyamaze chini ya wati 300 kuanzia saa nne usiku.

MaalimMkomani (Lamu)
Basi ile feni ya kitanda kitupu imeponyoka, na ndiyo iliyokuleta hapa.

FundiMuyeye (Malindi)
Kweli, Maalim. Ya feni naifungia saa ya kuzima yenyewe alfajiri. Nikiimaliza naleta picha ya waya.