Tupeane uzoefu: smoka ya boksi la moto pembeni, ya bei ya kawaida, nani anayo na imemfaa vipi?

Mwenye Uwa, Fuoni
Assalaam alaykum wadau. Nina nafasi uwani na familia kubwa, Iddi ikija tunachinja na kila mwaka nyama yote inaishia kwenye mishkaki na pilau, mwaka huu nataka smoka ile ambayo moto unakaa kwenye boksi lake pembeni, nyama inapata joto na moshi tu. Nimezunguka Darajani nimeona moja inapendeza kwa macho lakini naiinua kwa mkono mmoja, na hizi za Kimarekani kina Oklahoma Joe's ukijumlisha na mzigo wa meli utaacha mwenyewe. Kuna fundi mtaani anasema atanichongea kwa pipa. Sasa mwenye nayo aseme, umenunua au umechongesha, chuma unene gani, unatumia kuni gani, na chumvi hii ya bahari imekaa nayo vipi? Ya yutyubu nshaangalia mpaka bando likaisha, nataka ya mtu wa hapa hapa.

Kijana wa Jang'ombe
Waalaykum salaam. Mie ninayo hiyo nyepesi ya dukani, bati lake kama milimita moja hivi. Ntakwambia ilivyo. Ukiwasha tu moshi unatoka kila pahali isipokuwa kwenye dohani, unatoka mlangoni, unatoka pale boksi linapoungana na tumbo (pale nyama inapokaa), unatoka hata kwenye matundu ya skrubu. Joto halitulii, ukiongeza kijiti kimoja linaruka, ukienda kusali ukirudi limeshuka, kwa hivyo unakaa pale pale siku nzima na kuni zinakwenda kwa kasi maana bati jembamba halishiki joto. Rangi ya boksi ilianza kubabuka siku ya mwanzo.

Lakini sijaitupa. Nimechukua silikoni nyekundu ya gasketi za injini, ile inayostahimili joto, dukani kwa spea, nikapaka kwenye maungio ya tumbo na ukingo wa mfuniko (kwenye boksi lenyewe usipake, kule moto mkali itaungua). Halafu nikaongeza kipande cha bomba kwa ndani kutoka kwenye dohani kikashuka mpaka usawa wa wavu, kwa sababu joto hupanda juu na dohani ikianzia juu moshi unapita juu ya nyama unajiendea zake. Na ndani ya boksi nimetia kikapu cha nondo ili makaa yakae pamoja na hewa ipite chini. Sasa inapika, tena vizuri tu. Ila ukihisabu hela ya kununua na ya kurekebisha ungeshamlipa fundi.

Mla Urojo
Kwani seredani ina kosa gani jamani 😂

Kijana wa Jang'ombe
Haina kosa, tatizo nyama iko juu ya makaa, mafuta yakidondoka moto unalipuka, kipande kikubwa nje kinaungua ndani kibichi. Kidari kizima hukiwezi kwenye seredani.

Fundi Chuma
Mie nachomelea, na hizi nshazitengeneza. Mwenye uzi nisikilize vizuri. Watu wakija wanataka smoka KUBWA, pipa zima la lita 200, halafu hela ikipungua wanasema boksi la moto fanya kwa bati lolote. Hapo ndo wanapokosea, wafanye kinyume. Tumbo hata la pipa linafaa, pipa la kawaida ni milimita moja na kidogo, litakaa. Boksi ndo linalokula moto, hilo weka bamba la milimita tatu kwenda juu, ukiweza sita ndo ushamaliza. Ukubwa wa boksi uwe karibu thuluthi ya tumbo, likiwa dogo sana huwezi kuchoma kuni, utakuwa unachoma vijiti vya kiberiti.

Pipa uliza lilikuwa na nini. La mafuta ya kula sawa. La rangi, dawa, lami, achana nalo hata ukipewa bure. Na hata la mafuta ya kula mengine yamepakwa rangi ya kinga kwa ndani, washa moto mkubwa mtupu mpaka iungue yote, sugua, halafu ndo upake mafuta ya kupikia na uwashe tena ndogo ndogo mpaka pawe peusi panang'ara. Hapo ndo iko tayari kwa chakula.

Mtungi wa gesi wa zamani una chuma kizuri kweli, mnene kuliko pipa, lakini usiuguse mwenyewe na msumeno. Hata ukionekana mtupu gesi inabaki. Unatolewa vali, unajazwa maji mpaka juu, ndo unakatwa. Fundi akikwambia hakuna haja ya maji, chukua mtungi wako uondoke.

Jengine, bati la zinki usiliingize popote kwenye moto. Wavu wa zinki, bomba la zinki, hapana. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi na boksi la moto linafika huko, ule moshi wake mweupe sisi mafundi unatulaza na homa, sembuse uupikie watoto.

Mwenye Uwa, Fuoni
Shukran sana fundi. Na hii ya dohani kuwekwa upande wa boksi, moshi unakwenda unarudi, ina faida?

Fundi Chuma
Ina faida, unalaza bamba chini ya wavu, moshi unapita chini yake mpaka mwisho halafu unageuka kurudi juu ya nyama. Joto linakuwa sawa zaidi kulia na kushoto. Lakini chuma kinazidi, bei inazidi, na inachelewa kupata moto. Kwa mara ya kwanza fanya ya kawaida.

Mpemba wa Wete
Yakhe nyote mnasema chuma, kuni je? Huku kwetu kila mtu anauliza karafuu. Matawi makavu ya mkarafuu yanawaka vizuri na yana harufu, lakini weka kipande kimoja tu juu ya kuni nyengine. Kuna siku jamaa kaleta makonyo (vile vikonyo vya karafuu), kamwaga kikapu kizima kwenye moto, jodari akatoka ana ladha ya dawa ya meno, paka kamnusa kaondoka. Makonyo yana mafuta yale yale ya karafuu, ndo maana kile kiwanda cha Wawi kinayakamua. Kiganja kimoja basi.

Kuni za kutegemea ni mwembe, mpera na mkorosho, na ukipata mdimu au mchungwa uliokufa shukuru Mungu, moshi wake mwepesi unapendana na samaki na kuku. Zikauke khasa! Masika hii kuni ukiziacha nje hata ziwe zimekatwa zamani zinanyonya maji. Mie naweka mbili tatu juu ya boksi zipate joto kabla hazijaingia. Moshi ukitoka mzito mweupe ngoja, usitie chakula. Ukiwa mwembamba kama samawati, unauona kwa tabu, hapo tia.

Nungwi Boy
Mbao za dau la zamani je? Ufukweni huku zimejaa na ni kavu sana

Mpemba wa Wete
Usithubutu ami. Dau limepakwa sifa (mafuta ya papa) na shahamu miaka na miaka, na rangi, na misumari imo humo humo. Na gogo lililolowa maji ya chumvi halichomwi kwenye chakula, moshi wake una sumu. Wauzie mafundi wa fanicha za watalii.

Bi Khadija wa Bububu
Mnisamehe naingia katikati ya wanaume. Hii kitu tunayo nyumbani na anayeisafisha ni mimi, kwa hivyo na mimi nina la kusema. Mwambie fundi aweke MAGURUDUMU. Kidirisha cha hewa cha boksi kikitazama upepo moto unawaka kama wazimu, na hapa upepo unageuka, kaskazi unatoka huku, kusi ukija unatoka kule, lile dude zito bila gurudumu nani atalizungusha? Yetu ilijengewa pahala pamoja, miezi ya kusi moshi wote unaingia kwenye nguo za jirani.

Na majivu yatolewe yakishapoa siku hiyo hiyo au kesho yake. Yakibaki yakanyonya unyevu yanakula chuma kutoka chini, la kwetu limetoboka sakafu ya boksi wakati tumbo zima. Kwa nje, ikiwa bado ina vuguvugu pitisha kitambaa cha mafuta ya kupikia, ukiona kutu sugua pakiwa padogo. Turubai funika ikishapoa kabisa, na usiliburure mpaka chini, unyevu unakaa humo.

Kijana wa Jang'ombe
Bi Khadija kasema kweli tupu.

Mchinjaji
Kuhusu nyama yenyewe, msifuate video za Texas neno kwa neno. Kidari cha ng'ombe wetu ni kidogo na mafuta machache, kile cha kwao kina mafuta mengi ndo maana kinavumilia usiku mzima. Mie naweka joto nyuzi 110 mpaka 130 za Selsiasi, bakuli la maji ndani upande wa boksi. Ndani ya nyama ikifika kama 70 inakwama, saa zinapita haipandi, watu wanaanza kuongeza moto, msiongeze, ni jasho la nyama linaipoza. Hapo mie naivisha jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, na foili juu, nairudisha mpaka ifike 95 hivi, kijiti kikiingia bila kugoma natoa. Halafu ipumzike kabla ya kisu, wageni watasubiri. Kuku ni rahisi zaidi, 74 ndani ya paja na ushakula.

Mwenye Uwa, Fuoni
Basi nimeamua, tumbo la pipa la mafuta ya kula, boksi bamba la milimita tatu, magurudumu, dohani ianzie usawa wa wavu. Fundi wangu kasema laki tatu na nusu na chuma juu yangu. Kipimo cha joto niweke wapi, juu ya mfuniko kama zile za dukani?

Fundi Chuma
Juu ya mfuniko kitakudanganya, huko joto ni jengine na nyama iko chini. Mwambie atoboe matundu mawili usawa wa wavu, moja karibu na boksi na moja upande wa dohani, ununue vipimo viwili vidogo. Tofauti itakuwepo, paja liweke upande wa boksi na kidari cha kuku upande wa dohani. Na bei hiyo bado ipunguze, chuma si unaleta mwenyewe?