Kwa nini buabua wanataga juu ya jiwe tupu Watamu, na mchanga upo?

Mshonaji_Donholm
Habari za jioni. Mimi nashona sare za shule hapa Donholm, na bahari naiona mara moja kwa mwaka, Agosti. Safari hii tulipita kwa mashua karibu na Whale Island, kile kisiwa cha mawe kwenye mlango wa hori ya Mida. Buabua, wale ndege wa baharini, wamejaa! Mayai yamelala kwenye jiwe lenyewe, hata kijiti cha kuyazuia hakuna. Mashua nyingine ikatia nanga, watu wakashuka kupiga picha. Ndege wote wakaruka kwa mpigo, wanalia, na jua ni la saa sita. Nimerudi Nairobi, lakini yale mayai hayanitoki kichwani. Ufuo wa pili kuna mchanga mwororo na miti ya kivuli. Kwa nini wachague jiwe?

Mzawa_wa_Faza
Dada, huo mchanga ni njia ya kila mwenye njaa. Nguchiro anapita, paka anapita, kaa usiku, kunguru mchana. Fungu la mchanga likiwa chini, maji ya bamvua yanalifunika na mayai yanakwenda. Kisiwa cha matumbawe kimeliwa na mawimbi kwa chini, ukingo umening'inia, hata panya ataupanda kwa taabu. Kwetu visiwa vya Kiunga ni vivyo hivyo: wanataga wakati wa kusi. Panya akiletwa na chombo, hapo ndipo msiba.

Jumatano_Makumbusho
Tazama na chakula. Makorongo wa pale uwanja wa Nyayo, Nairobi, wanalala kwenye migunga, wanakwenda kula jalalani Dandora, mbali kote huko, kwa sababu hewa ya moto inawabeba. Buabua anapiga mbawa safari nzima, na mara nyingi anamletea kinda samaki mmoja tu mdomoni. Lazima akae karibu na maji ambamo jodari wanawasukuma dagaa juu.

Mshonaji_Donholm
Asanteni sana. Na lile jua? Jiwe lilikuwa linachoma.

Jumatano_Makumbusho
Inategemea aina. Wale wenye mgongo wa kahawia huficha yai lao moja chini ya ukingo wa jiwe au majani. Weupe, wenye kifua cha waridi, mara nyingi hutaga mahali pa wazi. Mchana hao hawaatamii ili kupasha yai joto, wanalikinga na jua. Kiinitete huvumilia kupoa kidogo, lakini joto kali humuua haraka.

Mshonaji_Donholm
Walikuwa weupe. Na wale watu walikaa kama robo saa.

Nimempigia nahodha wetu sasa hivi. Nimemwomba awasihi wenzake wasishushe mtu pale mpaka Novemba, wazunguke kwa mbali tu. Amesema kesho alfajiri, kabla mashua hazijatoka, atasema nao ufuoni.