Meya akiwa mwanamke, tumwite "Mama Meya"?

Kuna ndugu ameandika hapa kwamba meya akiwa mwanamke ni "Mama Meya", yaishe, na anayetaka vingine analeta Uzungu. Mimi ni mtu wa Arusha, nakataa, na sababu zangu nimezitoa hapa hapa nyumbani.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye sendofu Njiro. MC akatangaza, "Mama Diwani apite mbele akabidhi zawadi." Wakainuka wawili. Mmoja ni diwani mwenyewe, kura kaziomba nyumba kwa nyumba akazipata. Wa pili ni mke wa diwani wa kata ya jirani, na mtaani kwao wanamwita hivyo hivyo. Yule mke akarudi kukaa taratibu, anavuta kitenge magotini, macho chini. Diwani akaenda mbele, lakini uso ulikuwa umeshabadilika. MC hakukosa adabu. Neno ndilo lililowaumbua wote watatu.

Kwetu, ukitanguliza "Mama" kwenye cheo, watu wengi wanasikia mke wa mwenye cheo. Muulize mtu yeyote wa Moshi Mama Mchungaji ni nani, atakuambia ni mke wa mchungaji. KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ina wachungaji wanawake, nao ni Mchungaji fulani, basi.

Na huo Uzungu tunaousema, mbona ndio wenye mkanganyiko huo huo? Uingereza mke wa meya huitwa mayoress, na mwanamke mwenye kiti hubaki mayor. Ufaransa mairesse lilikuwa jina la mke wa meya, na Anne Hidalgo alipoushika umeya wa Paris mwaka 2014 aliitwa Madame la maire. Wafaransa wamebishana miaka kwa sababu lugha yao inawalazimisha kuchagua kike au kiume. Kiswahili hakitulazimishi. Meya ni meya, kama rais, kama spika. Anne Makinda aliongoza Bunge kuanzia 2010 hadi 2015 akiitwa Mheshimiwa Spika, na hakuna aliyepata shida kuelewa.

Meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Joho na mkufu anavivaa kwa kura hizo, na "Mstahiki" inakuja na kiti hicho. Akivaa mwanamke, ni Mstahiki Meya, bila kupunguza wala kuongeza.

Najua mtasema mama ni heshima. Ni heshima kubwa, siibishii! Basi tuiweke kwenye jina la mtu. Tunasema Mama Samia, tunasema Mama Maria Nyerere, na kila mmoja anajulikana ni nani. Mke wa meya naye ana jina lake, alilopewa kabla hajaolewa. Kumwita Mama fulani ni kumheshimu yeye mwenyewe, hata mumewe akishaondoka madarakani.

Halafu mume wa meya mwanamke je? Mbona "Baba Meya" haiji mdomoni? Mume wa Rais Samia anatajwa kwa jina lake, Mzee Hafidh Ameir, na heshima yake iko pale pale.

Ma-MC wa Arusha na Moshi, kipaza sauti kiko kwenu: ratiba ikija imeandikwa "Mama Meya", mnamuuliza nani kabla hamjaita?