Tupeane uzoefu: siku bahari ilipokaribia kukumeza ukiwa rubani

RubaniWaTudor
Wandugu, salaam aleikum. Jana jioni barazani kijana mmoja mwenye leseni mbichi alitoa simu akatuonyesha ICON A5, ile ndege ndogo ya viti viwili iwezayo kutua majini na nchi kavu, mabawa yakunjika kama ya panzi ukaivuta kwa trela. Yeye na wenzake wataka kuchanga wanunue, waiweke Kilifi. Nikamuuliza, wawajua waliokufa nayo? Akanijibu: "Ina parachuti."

Ni kweli inayo, ya ndege nzima. Lakini tazameni mwaka 2017 peke yake. Mwezi wa Mei, ziwa Berryessa kule California, Jon Karkow, mhandisi kiongozi wa ndege hiyohiyo, aliruka chinichini na mwenzake akaingia korongo akidhani ni lile alijualo. Kuta zilipanda kuliko ndege iwezavyo kupanda. Wakafa wote wawili. Tarehe 7 Novemba Roy Halladay, nyota wa besiboli aliyekuwa amestaafu, akaanguka nayo baharini karibu na Florida, peke yake. Wachunguzi walitaja kupanda kwa ghafla na kukata kona kali juu kidogo tu ya maji, na dawa zilizokutwa mwilini mwake. Ndege yenyewe haikuwa na hitilafu. Sasa uko futi 50, hiyo parachuti itafunguka saa ngapi?

Sharti la uzi: simulia lililokufika wewe. La jirani mwachie jirani.

Maboya_Matupu
Nimerusha Twin Otter za maji Maldivi miaka minne. Zile tulizokuwa nazo chini ni maboya matupu ya kuelea, magurudumu hazina, kwa hivyo huna cha kusahau. Balaa lilinianza nilipohamia Caravan, ndege nyingine ndogo, ya maboya yenye magurudumu ndani yake. Ukisahau kuyatoa ukatua kwenye lami, utakwaruza boya na kuchekwa mwezi mzima. Ukisahau kuyaingiza ukatua majini, yashika maji, pua yazama, ndege yapinduka chali. Waning'inia kichwa chini kwenye mkanda, chumvi imekujaa puani, na mlango ulioufungua mara elfu hujui uko upande gani.

Siku hiyo tuliruka kutoka uwanja wa lami, safari fupi ya dakika chache, nikayaacha magurudumu nje. Cheklisti niliisoma kama mtoto wa chuoni asomaye kwa ghibu, mdomo waenda na moyo uko kwenye gololi. Pale kwenye kisanduku kuna taa nne za kijani za kutua nchi kavu na nne za buluu za kutua majini. Nikatupa jicho, nikaona kijani, nikaridhika. Miaka yote kijani kwangu ilikuwa salama! Tuko kama futi 200, mzee mmoja abiria, amekaa kiti cha kando yangu, akaniuliza kwa adabu zake: "Kapteni, hizi gurudumu za mbele si zatakiwa ziingie?"

Nikaongeza moto, nikapanda, nikazunguka upya. Mkono wangu ulitetemeka mpaka tulipofunga kamba gatini. Tangu hapo nasema kwa sauti hata nikiwa peke yangu: haya ni maji, magurudumu yako juu, naona buluu nne.

Feri_Tu
Ndiyo maana mimi napanda feri ya Likoni.

SpanaNaGrisi
Na huko kwenye feri nako washika chuma kwa mikono miwili, nimekuona.

Saa38
Mimi bado mwanafunzi, jina langu la hapa lasema yote: saa 38 za kuruka. Ilikuwa asubuhi ya maleleji, tumetoka uwanja wa Moi na Cessna 172, twafuata pwani kuelekea Vipingo. Bahari haina hata mkunjo. Mbingu nyeupe, maji meupe, mstari wa kuvitenga haupo. Mwalimu akaniambia nishuke mpaka futi 1000 nisimame hapo. Mimi naangalia nje, naona bado niko juu sana, nashuka tu. Mwalimu hakufoka. Aligonga kioo cha kipimo cha kimo kwa ukucha, tik tik: 700, na mshale bado washuka. Hapo ndipo nikaona ngalawa chini yetu na mtu amesimama ndani, mkubwa kuliko nilivyotarajia.

Mwalimu akanieleza kwamba marubani wa ndege za maji, bahari ikiwa kioo namna ile, hawakisii kwa jicho. Hutafuta ufuo wa kupimia kando yao, hushuka polepole kwa kiwango kimoja tu, wakangoja maji yenyewe yawaguse.

Nahodha_Mtwapa
Huyo kwenye ngalawa angeweza kuwa mimi. Sijui urubani, lakini nina neno. Nyinyi mwaona maji, sisi twaona nyavu, magogo yaliyoshuka na mvua za masika, na watoto waogeleao. Mwaka jana ndege ndogo ilinipitia kichwani hata tanga likapiga. Kwa raha ya nani? Na hapo Kilifi mutakapo kutua pana daraja na mashua zimetia nanga. Mwambieni huyo kijana aje kwanza na mtumbwi.

SpanaNaGrisi
Na atakayeiosha ni nani? Ndege ikitoka majini sharti ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, siku hiyohiyo, kila uvungu. Mombasa hii tununuayo maji kwa mtungi! Nilishafungua boya moja nikakuta boliti la gurudumu limeliwa kama jino bovu. Mwenyewe alikuwa na hamu ya kuruka Jumamosi. Alinuna, lakini hakuruka.

BintiNyali
Nami nahudumia abiria, si rubani. Nikifika kwenye jaketi la kuokoa maisha watu wachezea simu. Mwaka 1996 ndege iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaanguka majini Komoro, watu 125 wakafa kati ya 175, na wapo waliozama kwa sababu walijaza jaketi upepo wakiwa ndani: maji yakapanda, jaketi likawabana kwenye dari. Kwa hivyo nikisema "ukishatoka nje" huwa narudia mara mbili. Juzi mmoja akaniambia, "Tumesikia, sista."

RubaniWaTudor
Haya, zamu yangu, nisije nikaonekana mwalimu. Nilikuwa na miaka 24. Arusi ya dada yangu, Likoni, nikaona nipite juu ya ua wa kwetu niwasalimu. Nilishuka chini ya vilele vya minazi. Nikavuta kwa nguvu na kukata kona papo hapo ili niwaone, na king'ora cha bawa, kile kionyacho kuwa bawa lakaribia kushindwa kuibeba ndege, kikalia kama pembe ya mchuuzi wa aiskrimu. Nilisukuma pua chini ilhali macho yote yalinitaka nivute. Mnazi wa mwisho sikuupita kwa mengi.

Usiku nimefika nyumbani na zawadi yangu mkononi. Mama alikuwa akikoroga maharagwe ya nazi, hakugeuka. Akasema, "Mwanangu, leo nimehesabu misumari ya ndege yako." Hakunisemeza tena mpaka siku ya tatu.