Menyu haijikunji kwenye simu

Swali:
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninatengeneza tovuti ya duka la vitambaa, na nimeandika CSS (maelekezo ya mwonekano wa ukurasa) inayoficha viungo vya menyu na kuonyesha kitufe cha mistari mitatu pale upana wa skrini unapopungua chini ya pikseli 768. Nikipunguza dirisha la kivinjari kwenye kompyuta, menyu inajikunja vizuri. Lakini kwenye simu ukurasa mzima umesinyaa, na viungo vyote sita vimejipanga mstari mmoja, vidogo kiasi kwamba kidole kimoja kinagusa viwili kwa pamoja. Kosa liko wapi?

Jibu la kwanza:
Huko kusinyaa ndiko kunakoonyesha kosa. Simu isipoelezwa vinginevyo hudhani ukurasa ni wa kompyuta, ikauchora kwa upana wa takriban pikseli 980 kisha ikaubana uenee kwenye kioo, hivyo sharti lako la 768 halitimii kamwe. Weka mstari huu ndani ya head, sehemu ya juu ya faili la HTML yenye maelezo ya ukurasa:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Nakusihi usiongeze user-scalable=no, maana wenye macho dhaifu wanahitaji kukuza maandishi.

Muulizaji:
Ahsante sana, imekubali. Sasa menyu inafunguka, ila inajificha nyuma ya picha ya chini yake, ingawa nimeipa z-index (namba inayoamua kipi kikae juu ya kingine) ya 999.

Jibu la pili:
Kwa kawaida z-index haifanyi kazi mpaka uandike pia position: relative au absolute. Ikikataa bado, mchunguze mzazi wa menyu, yaani kisanduku kinachoibeba: akiwa na transform (kusogeza au kuzungusha), au opacity (kiwango cha kutopitisha mwanga) iliyo chini ya 1, huwafungia watoto wake ndani ya tabaka lake, hata namba yao iwe kubwa kiasi gani.