Naomba ushauri: mfano wangu wa ndege ya Caudron G.III unanyanyua pua na kuanguka, je, ninunue mota kubwa zaidi?

Kijana_wa_Kilindoni: Wanajamvi, nawasalimu. Kwa miezi minane nimejenga kwa balsa, mianzi na kitambaa mfano wa Caudron G.III, aina ya ndege iliyoletwa hapa kwetu Mafia mwaka 1915 kuisaka manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Kipimo ni moja kwa nane, hivyo mabawa yana sentimita 167 kutoka ncha hadi ncha. Imeruka mara mbili, na mara zote mbili imenyanyua pua, ikasita, kisha ikaangukia bawa la kushoto ingawa nilivuta eleroni (vibawa vya kuinamisha ndege, ukingoni mwa nyuma ya mabawa) kulia hadi mwisho. Je, mota yenye nguvu zaidi itatosha? Nina haraka kidogo.

Mpunga_wa_Utete: Ndege hizo ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli za Kiingereza, Severn na Mersey, mpaka Königsberg ikaangamia tarehe 11 Julai 1915. Wapagazi wetu walikufa kwa maelfu katika vita ile, nawe mwanangu umechagua kuchonga ndege ya mkoloni.

Fundi_Rimoti: Mzee wangu, hilo lina uzi wake. Kijana, kitovu cha uzito kiko wapi, na haraka ni ya nini?

Kijana_wa_Kilindoni: Betri iko nyuma ya kiti cha rubani, kwa kuwa mbele ingeonekana na kuharibu sura. Kitovu sijakipima.

Fundi_Rimoti: Swali la pili hukulijibu.

Kijana_wa_Kilindoni: Jumamosi kuna mahafali ya shule moja, nami nimekubali kuipitisha juu ya mahema ya wazazi. Malipo ya awali nimekwisha kupokea. Tafadhali msinihukumu, kwani nimeahidi kupita mara moja tu, tena polepole.

Shemu_wa_Tandika: Polepole ndiyo inayoangusha. Utotoni tiara yangu ilikosa mkia, ikashuka moja kwa moja kwenye sufuria ya pilau ya jirani, na mpaka leo mama yule hunisalimu kwa jina la tiara.

Mchunguzi_Makini: Samahani, mimi naona hadithi ya kutunga. Caudron G.III za mwanzo hazikuwa na eleroni. Rubani alipinda mabawa kwa nyaya. Mtu aliyeijenga kwa miezi minane angelijua hilo.

Kijana_wa_Kilindoni: Nalijua. Nyaya zilinishinda, kwa sababu sevo mbili (mota ndogo za kuvuta nyaya) ziliungua zikijaribu kulipinda bawa, ndipo nikalikata na kuweka eleroni. Niliona aibu kueleza.

Mchunguzi_Makini: Jibu hilo la sevo hatungi mtu. Naondoa shaka yangu.

Fundi_Rimoti: Basi mota unayo ya kutosha. Caudron halisi ilikuwa na injini nzito ya duara puani, na mkia wake ulishikwa na fito ndefu. Wewe umeweka mota nyepesi mbele na betri nyuma, kwa hiyo mkia unaivuta ndege mpaka inapoteza mwendo. Ikishapoteza mwendo, ukivuta eleroni kulia, eleroni ya bawa la kushoto hushuka na kulizidishia bawa hilo mzigo, kwa hiyo bawa hilo ndilo huanza kuanguka. Liokoe kwa usukani wa mkia na kwa kushusha pua. Hamishia betri mbele, ongeza chubwi za wavuvi puani hadi ndege isimame sawa juu ya vidole viwili, takriban robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Juu ya watu usiipitishe hata ikitulia, na bila kibali cha mamlaka ya anga usiirushe kabisa.

Kijana_wa_Kilindoni: Nimetumia chubwi sita, na sasa imelala sawa vidoleni. Mwalimu mkuu nimemwambia itawekwa mezani, wahitimu wapige nayo picha.

Shemu_wa_Tandika: Na malipo ya awali?

Kijana_wa_Kilindoni: Ndiyo yaliyonunua betri.