Mpiga besi mkongwe akirudia nyimbo za zamani laivu, azipige zilivyo au abadilishe?

besi_ya_shangani
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, nipo kwenye bendi ya zilipendwa, na msimu huu wa korosho harusi ni nyingi kwa hiyo kazi zipo. Sasa tumeandaa onyesho la nyimbo za zamani tupu na tumempata mzee mmoja aliyepiga besi miaka mingi kwenye bendi za dansi, kakubali kupanda jukwaani na sisi. Shida ni kwamba mazoezini hapigi kama kwenye rekodi. Ubeti wa kwanza anaupiga vilevile, wa pili anaanza kuchomeka vitu vyake, pale tulipozoea kusikia noti yeye anaziba uzi kwa kiganja anaacha kimya, na chemko (ile sehemu ya wimbo inayochangamka watu wacheze) likianza ndo kabisaa, anakuja na besi ambayo hatujawahi kuisikia. Mpiga gitaa la solo wetu anasema mzee anauharibu wimbo, watu wanalipa kiingilio wasikie kitu wanachokijua. Mimi niko upande wa mzee ila nikiulizwa kwa nini nashindwa kueleza.

Halafu juzi nimemcheki Ron Carter, yule Mmarekani mpiga besi wa jazi aliyekuwa kwenye bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, kwenye onyesho la Stockholm mwaka 2018. Amezaliwa 1937, kwa hiyo hapo ana miaka 81, kasimama na lile besi kubwa la mbao na watu watatu tu, saksofoni, kinanda na dramu, wimbo unaingia kwenye mwingine bila kusimama. Na yeye nyimbo za zamani hazipigi kama zamani! Hivi kwa wenzetu hili halina ubishi? Naombeni hoja za kwenda nazo mazoezini.

kinanda_masasi
Mkuu umeuliza kitu kizuri sana. Kwanza ujue huyo mzee Carter hakuanza kubadilisha nyimbo uzeeni. Chukua So What ya Miles, ile iliyorekodiwa 1959. Besi ndiyo inayoimba wimbo wenyewe, wengine wanaitikia, na aliyepiga ni Paul Chambers, sio Carter. Carter kaingia bendi ya Miles 1963. Februari 1964 wakaupiga wimbo huohuo laivu New York, Carter ana miaka 26, mpiga dramu Tony Williams ana 18 tu, na wameukimbiza mbio kiasi kwamba ukisikiliza zote mbili mfululizo unaweza kudhani ni nyimbo mbili. Miaka mitano tu imepita hapo! Kwa hiyo mtu akikwambia "ipigwe kama ilivyokuwa" muulize kama ilivyokuwa lini, maana wenyewe wenye wimbo walikuwa wanaubadilisha wangali vijana.

Na Carter amekaa na Miles mpaka 1968. Seven Steps to Heaven aliirekodi naye 1963, na zaidi ya miaka 40 baadaye akairudia na bendi yake ndogo kwenye albamu ya kumkumbuka Miles. Mwaka 2015 Guinness walimhesabia rekodi 2,221 alizoshiriki. Mtu kama huyo angetaka kunakili angenakili bila shida.

Kitu kingine ambacho wapiga solo wengi hawakioni, besi ikibadilisha noti moja chini, kodi yote ya juu (zile noti zinazopigwa kwa pamoja) inasikika tofauti hata kama kinanda na gitaa hazijagusa kitu. Ndio maana mpiga besi akibadilika mpiga solo anaona kama kaondolewa sakafu. Inabidi asikilize upya, na hilo ndo linalomkera.

mwana_wa_lindi
Mimi natofautiana kidogo na hapo juu. Mimi sio mwanamuziki, ni mchezaji, dansi nimecheza tangu kijana hapa Lindi. Jazi ya akina Carter watu wanakaa kwenye viti wanasikiliza. Dansi letu watu wako uwanjani na wake zao, mguu unafuata besi. Zikipigwa zile za Kilwa Jazz ya marehemu Ahmed Kipande mimi najua wapi nageuka, na ninageuka kwa sababu besi imeniambia geuka. Mzee akiweka kimya pale kwenye kugeuka kanipoteza mimi na mama watoto. Abadilishe lakini asituguse hapo. Naongea kwa heshima zote kwa mzee.

dada_mikindani
Kaka @mwana_wa_lindi uko sahihi, na nadhani mzee analijua hilo kuliko sisi wote. Mimi nimejifunza besi kwa wazee wa hivyohivyo, na kitu cha kwanza walichonifundisha ni kwamba kuna sehemu ni za wimbo na kuna sehemu ni zako. Mwanzo ni wa wimbo, kiitikio ni cha wimbo, na ile noti ya kuingilia kwenye chemko ni ya wimbo, hiyo ukiigusa uwanja mzima unajikwaa. Katikati ya hapo ni kwako.

Besi ya shangani, fanya hivi. Mazoezi yajayo rekodi kwa simu, halafu mkae na huyo mpiga solo msikilize ni wapi hasa mzee anaacha kimya. Nabashiri mtakuta ni pale mwimbaji anaposhusha maneno. Wazee wengi wanafanya hivyo, wanampisha mwimbaji. Na mkilinganisha na rekodi za RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam ya zamani) tumieni hedifoni za maana, spika ya simu haitoi sauti za chini, kwa hiyo nusu ya mnachokiita "besi ya kwenye rekodi" mmekisikia kwa kukisia. Inawezekana kabisa mzee anapiga kitu kilichokuwepo siku zote.

besi_ya_shangani
Dada umenifungua macho. Leo nimesikiliza wimbo mmoja kwa hedifoni ya kuazima na ule ukimya wa ubeti wa pili UPO kwenye rekodi, hafifu lakini upo! Nimeshamtumia mpiga solo, kaniambia anarudia kusikiliza. @mwana_wa_lindi nitamwambia mzee kuhusu pale pa kugeuka, karibu sana Mtwara uje na mama.

dada_mikindani
Safi sana. Halafu siku ya onyesho besi muipe spika yake, msiichanganye na sauti za waimbaji, mtamfunika mzee wa watu na kazi yote hiyo isisikike.